Daftari ya shukrani kwa mtu anaacha pombe (ama unga, ama jaba, ama beti): vile inafanywa kutoka siku ya kwanza

Jina langu lilikuwa kwa kaunta buku ya madeni ya maduka matatu hapa Kayole, Nairobi, na kwa ile ya mama wa keg nilikuwa nimejaza kurasa mbili peke yangu. Sasa fikiria mtu kama huyo ametoka rihabu siku ya tatu, kodi ya miezi minne haijalipwa, bibi amerudi kwao na watoto, alafu mshauri anamwambia anunue daftari awe anaandika vitu anashukuru. Nilimcheka. Usiku nikaandika laini moja tu ya kumkomesha: "Nimekula chapo mbili na hazikurudi." Kesho yake akasoma, hakucheka, akaniambia hiyo ndio alikuwa anataka, niongeze mbili.

Mimi ni fundi wa stima, si daktari, na huu ni mwaka wangu wa tano bila pombe. Nimeona watu wengi wakianza hii kitu ya shukrani wakaiacha wiki ya kwanza kwa sababu walipewa nusu ya maelezo, waliambiwa tu "shukuru, shukuru" kama watu wako kwa maombi ya usiku. Kuna vile inafanywa, na kuna wakati haifai kufanywa kabisa, na hapo ndio ntaanzia.

Kabla ya daftari: mwili

Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upige kitu kidogo ndio itulie, usijifungie kwa nyumba ati unaacha leo. Kuacha pombe ghafla kunaweza kuua mtu, na hilo wengi hawajui, wanadhani ni hangova refu. Kutetemeka na jasho huanza masaa machache baada ya glasi ya mwisho, kifafa kinaweza kushika mtu ndani ya siku mbili za kwanza, na ile ya kuchanganyikiwa unaona wadudu kwa ukuta huja sana sana kati ya siku ya pili na ya nne. Hospitali wako na dawa ya kukuvusha hapo. Hospitali ya Mathari, pale karibu na Muthaiga, wanashughulikia watu wa uraibu, na kwa wenye wako kwa unga (heroini) kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache heroini, hapo hapo tangu Desemba 2014. Kama hujui uanzie wapi piga 1192, ni laini ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na pombe na dawa za kulevya, haikati krediti na inashikwa usiku na mchana.

Daftari itangoja, haina haraka.

Hatua ya kwanza: jiulize kama bado unatumia

Hii hatua watu huruka na ndio muhimu kuliko zote. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Amy Krentzman amekaa miaka mingi akiangalia shukrani na watu wa pombe tu. Mwaka wa 2017 alitoa matokeo yenye yalinishtua kidogo: wenye walikuwa wameacha baada ya matibabu, vile shukrani yao ilikuwa juu ndio pia walionekana kukaa bila pombe zaidi baadaye. Lakini wenye walikuwa bado wanakunywa sana, shukrani ikiwa juu mambo yalienda upande ule mwingine. Ukifikiria haishangazi. Mtu anakunywa kila siku na anasema nashukuru Mungu niko na kazi, niko na marafiki, maisha ni poa, sasa huyo ataacha kwa nini? Mimi mwenyewe nilikuwa mlevi wa shukrani sana, nikishika jagi nilikuwa nashukuru mpaka kiti.

Kwa hivyo kama ulitumia jana, andika kitabu tofauti. Andika hasara. Pesa kiasi gani, nani ulimkosea, nini ulipoteza, wapi uliamkia. Mimi nilikuwa namaliza 300 kwa siku, hiyo ni 9,000 kwa mwezi, na kodi yangu ilikuwa 4,500, yani nilikuwa nakunywa nyumba mbili alafu nalia mwenye nyumba ni mbaya. Peleka hiyo hesabu kwa mshauri ama kwa mtu ameacha kitambo. Siku ukishaacha, ata kama ni siku moja tu, sasa geuza ukurasa.

Hatua ya pili: vitu vitatu, na kila kimoja kiwe na mwenyewe

Daftari lile dogo la shule linatosha, usinunue la ngozi ukajionea haya kuliharibu. Simu pia inaweza, lakini simu yangu ndio ilikuwa na namba za watu wa besi, wenye nilikuwa nakunywa nao, na ndio watu hupigia beti nayo, so mimi nasema karatasi.

Kila siku vitu vitatu vizuri vyenye vimefanyika leo, na kando ya kila kimoja uandike kwa nini kilifanyika. Hiyo ya "kwa nini" si pambo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman, na wenzake walijaribu zoezi hili na watu wa kawaida, matokeo yakatoka 2005, waliandika wiki moja tu na miezi sita baadaye walikuwa bado wako na furaha kidogo kuliko walivyoanza. Krentzman naye akalichukua akalipeleka kwa watu wenye walikuwa wanatibiwa pombe, wakaandika siku 14. Kikundi kilikuwa kidogo, kwa hivyo usikiite dawa, lakini mawazo mabaya yalipungua na wakapata utulivu. Sikiza hilo neno, utulivu. Hawakuruka ruka kwa furaha, na wewe usingoje kuruka.

Sasa vile watu huharibu. Wanaandika "Nashukuru kwa uhai, familia na afya njema." Kesho tena uhai, familia na afya njema. Siku ya nne mkono unaandika peke yake kama mtu anasaini risiti, kichwa iko kwingine. Laini nzuri iko na mtu, iko na mahali, na iko na kitu unaweza kushika. Hizi ni zangu za mwezi wa kwanza nazinakili vile ziko:

"Makanga alinirudishia chenji ya 50 nikiwa nimeshashuka, alikimbia nyuma yangu mpaka kwa kinyozi. Kwa sababu ni mtu poa, na kwa sababu nilisikia akiniita."

"Sukuma ya mama mboga leo alinikatia nyembamba vile napenda. Kwa sababu nilimsalimia vizuri, kitambo nilikuwa napita nikiangalia chini juu ya deni."

"Nimeweka soketi nne kwa nyumba ya mtu Umoja na mikono haikutetemeka. Kwa sababu ni siku ya 19."

Umeona hiyo ya mwisho. Hapo ndio kuna kitu chenye niliongeza mwenyewe, hakuna mtu alinifunza: kila jioni, katika zile tatu, moja lazima iwe kitu chenye kingenipita kama ningekuwa nimekunywa. Makanga angekimbia na 50 yangu nisingesikia. Soketi ningepiga shoti. Baada ya wiki tatu uko na laini 21 za vitu vyenye pombe ingekunyang'anya, na zimeandikwa na mkono wako, kwa hivyo siku ile kichwa inakuambia "ata hakuna kitu imebadilika" unaifungulia daftari inyamaze.

Fanya siku 14 bila kuruka. Baadaye ukiona unaandika tu ndio umalize, punguza iwe mara mbili kwa wiki. Mimi naandika Jumatano na Jumapili sasa. Kulazimisha kila siku kwa miaka kunaifanya iwe kama kazi ya shule na nani alipenda kazi ya shule.

Hatua ya tatu: saa

Wengi watakuambia uandike kabla ya kulala. Kwa mtu anaacha pombe Nairobi hiyo ni kuchelewa, saa ya kulala umeshashinda ama umeshashindwa. Sheria ya vileo ya 2010, ile watu huita ya Mututho, mbunge aliyeisukuma, inasema baa zifungue saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. (Ndio najua kuna mlango wa nyuma wenye haujui saa, nimeupitia sana.) Kwa hivyo saa yako ya hatari inajulikana, ni ile unashuka kwa stage umechoka, una mia mbili, na muziki umeshawashwa. Weka alamu saa kumi na moja kasorobo. Andika ukiwa bado kazini, ama kwa gari, ama umesimama kando ya kibanda, laini tatu hazichukui dakika tano.

Kabla uandike jiulize kama una njaa, una hasira, uko mpweke ama umechoka. Ikiwa ni njaa, kula kwanza. Sitanii, nusu ya hamu yangu ya keg ilikuwa njaa ya mchana, nikila chai na andazi mbili inaisha nusu. Kama ni upweke piga simu, usiandike. Na siku ya malipo, meseji ya M-Pesa ikiingia, usishike pesa kabla ya kuandika. Ijumaa ya mwisho wa mwezi mimi huandika mara mbili, mchana na jioni, na nauli naweka kando mapema na inayobaki natuma kwa mtu ananiwekea.

Mwenzangu wa Eastleigh yuko kwa methadoni, yeye huandika baada ya swala ya Magharibi kwa sababu yake ilikuwa unga na unga hauna saa ya kufungua. Tafuta saa yako ni gani, uiwahi.

Siku zenye hakuna kitu unasikia

Zitakuwa nyingi, miezi ya kwanza hasa. Pombe na dawa za kulevya zinauzoesha ubongo dopamini (kemikali ya raha) nyingi kwa mpigo, na ubongo unajilinda kwa kupunguza vile unaitikia. Ukiacha, vitu vya kawaida havifiki huko, mtoto anacheka unamwangalia tu, nyama choma inakaa kadibodi. Inarudi, lakini ni wiki na miezi, si siku. Watu wengi hurudi kunywa hapa wakidhani kuwa soba ndio hivyo maisha yote.

Siku kama hizo usijilazimishe kusikia shukrani. Andika kama polisi anaandika ripoti. "Maji yalikuja saa tatu. Nilifua. Jua lilikuwa, zimekauka." Inahesabika.

Lakini kama imepita wiki mbili hulali, huli, huoni maana ya chochote, ama umeanza kufikiria kufa, hiyo imetoka kwa mambo ya daftari. Ambia mtu siku hiyo hiyo na uende hospitali, usingoje Jumatatu.

Hatua ya nne: toa asante kwa mdomo

Daftari peke yake inaweza kukugeuza mtu wa kujiangalia tu. Baada ya mwezi hivi, soma ulichoandika, utaona kuna majina yanarudi. Hao ndio wa kwanza.

Kuna kitu lazima nieleze polepole hapa kwa sababu nilikiharibu mara mbili. Asante, nisamehe na nisaidie ni barua tatu tofauti, usiziweke kwa bahasha moja. Mtu wa pombe familia yake imeshazoea: akianza na asante wanajua nyuma kunakuja "sasa Mama nilikuwa naomba kitu kidogo." Kuomba msamaha na kurudisha chenye uliharibu ni kazi kubwa yenye iko na wakati wake. Kwa AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaacha pombe) ni hatua ya nane na ya tisa, haiko ya kwanza, na unaifanya na mtu wa kukuongoza. Asante ni nyepesi, inaweza kutoka mapema, lakini iende peke yake.

Taja kitu kimoja. Sema alichofanya, sema siku, sema ulikuwa hali gani, funga. Hii ndio niliandikia mama:

"Mama, ile usiku ulikuja na gari ya mwisho kunitoa hospitali ukalala kwa benchi na leso yako ndio blanketi. Sikuwahi kukuambia asante. Asante. Sina shida yoyote, usiku mwema."

Dakika haikuisha akapiga. "Uko wapi na ni nini umefanya?" Nikamwambia hakuna. "Umelewa?" La. Akanyamaza, akasema basi sawa, akakata. Asubuhi jirani wa kwao akanipigia kuniuliza kama ni kweli naumwa. Ndio nakuambia, usitarajie machozi ya furaha, watu wako walichomwa na wewe na mtu alichomwa hukagua moto kwanza. Wiki tatu mama hakutaja ile meseji, alafu siku moja nimeenda kumwona nikapata ameiandika kwa karatasi, iko ndani ya Biblia yake.

Bibi yangu hakujibu miezi mitatu. Nilikuwa namtumia kila Jumapili, kitu kimoja kidogo kuhusu vile alikuwa amelea watoto nikiwa sipo, mpaka mtu wa kikundi akaniambia niache, ati nimeanza kumsumbua na asante zangu, zimekuwa za kunifaidi mimi. Alikuwa sawa. Moja inatosha. Mtu ana haki ya kutokujibu, na kama aliwahi kukuambia usimtafute basi asante yake andika kwa daftari na uiache hapo.

Wenye wanakudai, hao uwapelekee asante ukiwa umeshika kitu. Niliingia kwa duka nikiwa na 200 mkononi, nikamwambia mama wa duka, ulinikopesha unga ya ugali wakati watoto wangu hawakuwa na kitu na ulijua sitalipa, asante, na hii ni ya kwanza. Hakusema kitu, alitoa kaunta buku akatafuta, akaandika 200 na tarehe. Nikawa naenda kila Jumamosi. Ilichukua mwaka mzima na kidogo.

Kikundi

Fupi tu. AA ilianza 1935 kule Akron, Ohio, na watu wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, wakagundua kuongea mlevi na mlevi kunasaidia kuliko mahubiri. Hapa Nairobi mikutano iko, mingi kwa vyumba vya makanisa, hulipi kuingia na hakuna anayeandika jina lako lote. Nenda na laini moja kutoka kwa daftari uisome. Ukisomea watu hutaandika uongo.

Shukrani ya kukufunga mdomo

Kuna ile ya "shukuru, wenzako wako Langata", yani makaburini. Mtu anaisema ukilalamika kitu cha haki. Shukrani ya kujipima na mwenye ameumia zaidi inakuacha na hatia, si nguvu, na hatia imenipeleka baa mara nyingi kuliko sherehe. Tajiri akikukalia mshahara miezi miwili si lazima umshukuru ati alikupa kazi ukiwa umetoka rihabu. Bwana akikupiga usitafute kitu kizuri cha kuandika juu yake jioni, tafuta pa kulala. Geuza daftari, anza kutoka nyuma, huko andika hasira zako vile zilivyo, na hizo peleka kwa mshauri. Yangu imejaa kutoka pande zote mbili, hasira ziko na kurasa nyingi zaidi kidogo.

Ukianguka

Mimi nilianguka mwezi wangu wa saba bila pombe, kwa matanga, mtu aliniwekea glasi kwa mkono nikiwa naangalia jeneza. Siku mbili. Kama yako ni unga ama vidonge vya aina hiyo sikiza vizuri: mwili ukishakaa bila, ile dozi ya kitambo hauiwezi tena, watu wengi hufia hapo, siku za kwanza za kurudi. Usiwe peke yako, na enda kliniki haraka, hawatakufukuza.

Asubuhi ukishakuwa na akili, usirarue kurasa za nyuma. Zile siku zilikuwa, hazifutiki juu ya siku mbili. Piga laini ya kalamu chini ya ile ya mwisho, andika tarehe, andika ukweli kwa maneno machache: wapi, na nani, kiasi gani, saa ngapi ulikuwa umekula mara ya mwisho. Unarudi hatua ya kwanza, kitabu cha hasara, siku moja ama mbili, unaongea na mtu. Alafu jioni ya siku yako ya kwanza tena, saa kumi na moja kasorobo, vitu vitatu. Vyangu vilikuwa hivi: keateka alinifungulia geti bila kuniuliza kitu, nilipiga simu ya kikundi na ikashikwa, na uji ulikaa tumboni.